Sauti Chache za Mzee wa Kijapani

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, maneno yote yalimpotea kwa pamoja: Kiswahili alichozaliwa nacho Unguja, Kiarabu alichofanyia kazi hapa mjini Ibra, hata kile Kijapani alichokuwa akinitania nacho. Alibakiwa na neno moja tu, "basi". Alilisema akitaka chai, akiumwa, na akiwaona wajukuu.

Ujanani alisomea uhandisi wa maji Japani. Alipanga chumba cha juu katika nyumba ya mtunzi wa muziki, mtu mzima aliyekaa pale na mkewe. Nyimbo za kuimba hakutunga. Muziki wake ulikuwa wa piano na wa okestra, watu wanakaa ukumbini kuusikiliza kimya kama wanaosikiliza khutba.

Habari za mzee yule nilizipata kwa mume wangu, miaka ya mwanzo ya ndoa yetu. Mzee alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita vikuu vya dunia. Mji wao uliungua, mama yake akambeba mgongoni mpaka mlimani. Piano alijifunza katika skuli moja ya huko, na piano yenyewe ilikuwa mbovu, vibao vingi havitoi sauti. Alipooa akapata binti mmoja, naye akafa kwa homa kabla ya kuanza kusoma. Mzee akaacha kutunga kwa miaka. Alikuja kuanza tena majira ya baridi ambayo mume wangu alikuwa mpangaji wake, na kutwa nzima alipiga sauti zile zile chache.

"Nilidhani kagombana na piano," mume wangu aliniambia. "Siku moja nikashuka nikamwuliza, mzee, mbona huendi mbele? Akanambia binti yake akiimba mpaka hapo tu. Wimbo hakuwahi kuujua wote."

Muziki ule ukamalizika, ukapigwa, na mtunzi akapata jina kwao. Piano inakwenda, filimbi inaingia na zile sauti chache, inakatika. Piano inangoja, halafu inaendelea peke yake. Mume wangu alirudi na kaseti yake. Mimi sikuupenda. Kwetu tumekulia udi na fidla, na watu wa kuitikia.

"Huu ni muziki wa msiba," nilimwambia.

"Ndiyo," akasema, na akauacha uendelee.

Baada ya kiharusi, binti yetu akawa anatupeleka Nizwa kwa mtaalamu wa kurudisha usemi, kijana mpole. Alitwambia tumsikilizishe kitu anachokipenda, huenda kikafungua njia. Tulipokuwa tunarudi, karibu na Izki, binti yetu akautafuta muziki ule kwenye simu na kuuweka garini. Filimbi ilipoingia, mume wangu akageuza kichwa. Akafungua kinywa, akaimba zile sauti, sawa kabisa, machozi yanamtoka.

"Mama, Baba ameimba," binti yetu alisema, na akasimamisha gari kando ya barabara.

Nilimshika mkono nikamwita kwa jina lake. Niliamini amerudi. Nilipiga simu kwa ndugu zake wote, na jioni nyumba ilijaa watu na kahawa.

Tukawa tunampigia muziki ule kila siku, na kila siku akaimba mpaka pale pale. Mtaalamu alimfundisha kutia neno ndani ya sauti, "chai" au "maji". Halikuingia hata moja. Kisha na lile "basi" likapotea. Akitaka maji, aliimba zile sauti. Akiumwa, zile zile. Wajukuu waliokuwa wakimpa shikamoo aliwajibu kwa hizo, nao wakaanza kuogopa kuingia chumbani.

Mwaka huu binti yetu alikuja jikoni na simu mkononi. Kiswahili chake kimepinda, lakini alikizungumza kwa ajili yangu.

"Mama, hii mzee wa Japani amefariki. Tumwambie Baba?"

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilikaa kitandani pake nikasema, "Mzee wako wa Japani amefariki. Mungu ndiye mjuzi wa mambo yake." Alinitazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni anayezungumza lugha asiyoijua. Halafu akaangalia ukutani.

Kuanzia mwezi uliofuata haimbi tena. Tukampeleka Nizwa mara nyingine. Yule kijana akamwangalia, akatutoa nje, akatwambia kwa upole kwamba safari ndefu inamchosha bure na kwamba hakuna haja ya kurudi. Binti yetu alilia njia nzima. Mimi sikulia.

Majirani huja wakaniambia nisubiri, Mungu ana lake. Nawaitikia, nawatilia kahawa. Wakiondoka naponda wali kwa mchuzi mpaka ulainike, namlisha kwa kijiko, namfuta kidevu. Anameza. Hata nikimwita kwa jina lake, hageuki.