Mti wa Kusukumia Mahindi

Pumba za mahindi zikitoka mashineni huwa na harufu tamu kidogo, kama mkate ulioanza kuungua, na ukishinda nayo kutwa nzima inakuingia kwenye nywele, kwenye kope, hata kwenye chai unayokunywa. Likizo ile ya kidato cha tatu nilirudi nayo Magomeni kila jioni nikiwa mweupe kama mzimu, na mama alinikung'uta mlangoni kwa upande wa kanga kabla hajaniruhusu kukaa kwenye kochi. Nilikuwa nafanya kazi kwenye mashine ya kusaga ya Mangi, katika kichochoro cha upande wa Msimbazi, katikati ya duka la magunia na duka la ndoo za plastiki. Jina lake halisi silikumbuki. Alikuwa Mchaga mwenye biashara, na hapa mjini hiyo inatosha mtu kuitwa Mangi. Alinichukua kwa sababu mama alimwomba, na mama alimwomba kwa sababu nilikuwa nashinda nyumbani nikisahihisha Kiswahili cha watangazaji wa redio.

Wiki ya pili akaja Siwema. Alikuwa na miaka kumi na sita kama mimi, ametoka Masasi, anakaa kwa shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anafuma vitambaa vya makochi kwa kasi ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Wateja wakipungua alikaa juu ya gunia, kidole cha shahada kikiushika uzi, na kabla sijamaliza kikombe cha chai ua zima lilikuwa limeshatokea mapajani mwake. Shangazi alikwisha kumpatia nafasi kwa fundi cherehani wa Magomeni. Mashine ilikuwa kazi ya kupitisha miezi michache tu hadi fundi ampokee. Aliniambia hayo siku ya kwanza, kwa uhakika wa mtu anayejua atakuwa nani. Mimi nilikuwa sijui nitakuwa nani, lakini nilikuwa tayari naitwa Profesa, na nilidhani ni heshima.

Lazima nieleze kuhusu mti. Wateja wetu wakubwa walikuwa mama ntilie, na wao hutaka unga mweupe, kwa hiyo mahindi yakishakobolewa huyaloweka kwanza, kisha huyaleta kusagwa yakiwa bado na unyevu. Mahindi ya namna hiyo hunata kooni mwa mashine, na hayashuki mpaka yasukumwe. Kila mteja amekuja na mahindi yake, na hataki hata konzi moja ya kwake iingie kwenye unga wa mwenzake. Atasimama hapo akichungulia mpaka koo liwe safi. Tulikuwa na mti wa mpera wa kusukumia, mrefu kama mkono na nusu, umelainika kwa viganja vya watu waliotutangulia. Hakuna aliyeuita kifaa cha usalama. Uliitwa mti.

Siku moja Mangi akarudi kutoka kwenye ofisi fulani akiwa amenuna. Mkaguzi angepita, na angetaka kuona kwamba vijana wamefundishwa usalama kazini.

"Profesa," aliniambia, "wewe si una maneno? Mfundishe huyu binti. Andika, asaini, tubandike ukutani. Mkaguzi anapenda karatasi."

Usiku ule niliandika kanuni kumi kwenye karatasi ya manila, kwa wino mwekundu na wa bluu. Ya nne naikumbuka yote: "Mfanyakazi hataruhusiwa kwa namna iwayo yote kuingiza kiungo chochote cha mwili wake katika kinywa cha mtambo ilhali mtambo ungali katika mwendo." Niliipenda sana ile "ilhali". Asubuhi manila ikakataa kunyooka, inajikunja kama jamvi, nami nikakumbuka ramani za shuleni, zenye kijiti juu na kijiti chini. Nikatazama huku na huku. Nikauona mti wa mpera. Nikaukata vipande viwili kwa msumeno, nikaigongomea manila, na ikaning'inia vizuri mno.

Kisha nikamsomea Siwema. Nilisimama, yeye nikamkalisha. Nilisoma zote kumi bila kuvuta pumzi, na nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Sasa kaka, na mti uko wapi?"

"Nitaleta mwingine kesho. Umeelewa kanuni?"

"Nimeelewa usipoutafuta mti tutasukuma kwa pua yako," akasema, akasaini.

Sikuleta. Kesho yake niliamka nimechelewa, na foleni ilikuwa imeshafika duka la ndoo. Bi Tatu, mama ntilie mnene mwenye mdomo, alikuwa na ndoo mbili za mahindi yaliyolowa kabisa, na wateja wake walikuwa wanasubiri chakula cha mchana. Mimi nilikuwa nafunga mifuko. Nilimsikia vizuri.

"We binti, yangu bado yamo humo! Au ndiyo futari yako hiyo? Toa mwanangu, toa, wanaume wa watu wana njaa!"

Watu wakacheka. Siwema naye akacheka, akatazama pembeni ya mashine pale mti ulipokuwa ukisimama siku zote, akaingiza mkono. Mashine haikubadilisha hata sauti. Bi Tatu ndiye aliyekivua kilemba chake akamfunga, ndiye aliyemshika mpaka hospitali, akilia kuliko aliyeumia. Kidole cha shahada kilipotea chote, na cha kati nusu.

Siku chache baadaye shangazi yake Siwema alikuja mashineni pamoja naye. Hakuja kugombana. Alitaka Mangi amlee binti hadi apate kazi nyingine ya kujifunza, maana fundi cherehani alikuwa ameshasema hapana. Mangi akanyoosha kidole kwenye manila, kisha akanigeukia.

"Profesa, ulimfundisha au hukumfundisha?"

Vipande vya mti vilikuwa mbele yetu sote, kimoja juu, kimoja chini. Ningeweza kuvionyesha. Nikasema, "Nilimfundisha."

"Kweli shangazi," akasema Siwema, mkono ukiwa kifuani ndani ya bandeji. "Alinisomea yote."

Mangi alilipia hospitali na nauli ya basi, akahesabu kwamba ametenda wema. Siwema alirudishwa Masasi kabla likizo haijaisha. Mkaguzi alipokuja alisoma manila, akasifu mwandiko.

Siku hizi mambo yameendelea, na siyabezi. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, amepata kibarua kwenye kiwanda kidogo cha mikate Kariakoo, na amepewa viatu vigumu na glavu. Ukutani kuna michoro badala ya ufasaha wangu. Ijumaa alileta fomu nisaini kama mzazi, kwamba ameelekezwa na ameelewa. Nikamuuliza mashine ya kukandia unga inazimwaje.

"Wamesema watatuonyesha Jumatatu."

"Basi nitasaini Jumatatu."

"Baba, jamani! Ni karatasi tu!"

Ndipo nikamwambia habari ya Siwema, yote, pamoja na msumeno na jibu nililompa Mangi. Nilitarajia anilaumu, au anifariji, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili kwa maneno mazuri. Alizungusha kalamu mkononi, kisha akauliza kama niliwahi kumtafuta Siwema. Masasi basi linaondoka kila alfajiri, na miaka yote hii nimepanda ndege za kwenda kusoma makala zangu mbele ya watu nisiowajua. Nikamwambia sijawahi.