Kanisa Lililobaki Malishoni

Ninyi vijana wa Lanham na Germantown, na wengine wote mtakaosoma haya, zimeni hiyo televisheni kwanza. Mimi sikupita darasa la nne, kwa hiyo maneno ya kupambwa msiyatafute hapa. Naandika jambo lililonishtua, na mpaka leo sijalimeza.

Wanangu, iko siku moja naikumbuka kama jana. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili, nami bado mgeni hapa Maryland, Marekani. Binti yangu Rhoda, ambaye ni nesi, alinitafutia kazi ya kumtunza ajuza mmoja Mwingereza kule Beltsville. Nilimwita Mama Edith, kwa sababu alinizidi umri sana, na mkubwa ni mkubwa hata awe wa rangi gani. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumpikia uji wa oti na kumchana nywele. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokota, chake cha polepole. Tulielewana.

Wiki hiyo nilikuwa na mzigo moyoni. Kijana wangu Amosi alitaka kuuza shamba letu la Maragoli, kule Kenya, apate pesa za kuanzia kununua nyumba Germantown. Mnunuzi alikwishapatikana. Lilibaki neno langu tu, na walilitaka Jumapili. Simlaumu. Watoto wake walikuwa wanalala watatu chumba kimoja, na nyumba zilikuwa zinapanda bei kama moshi. Lakini baba yake amezikwa kwenye shamba hilo, chini kidogo ya jiko, kama desturi yetu ilivyo.

Basi ukutani kwa Mama Edith palikuwa na picha ya kanisa dogo la mawe, limesimama peke yake malishoni, kondoo wamelizunguka. Nikiwa namchana nywele nikamwuliza, "Waumini walikuwa wanatoka wapi? Mbona sioni hata nyumba moja?"

"Hapo unapoona kondoo," akasema, "ndipo kijiji chetu kilipokuwa."

Akanisimulia aliyoyapokea kwa nyanya yake, naye kwa nyanya yake. Zamani kila mtu kijijini alikuwa na kipande chake cha kulima, na uwanja mmoja wa wote wa kulishia ng'ombe na mabata. Kisha tajiri wa pale, mwenye jumba kubwa, akaleta sheria na wapimaji. Uwanja ukagawanywa. Maskini alipewa kipande, lakini akaambiwa akizungushie ua kwa gharama yake mwenyewe. Angeutoa wapi huo ua? Akamwuzia tajiri. Leo huyu, kesho yule. Bandu bandu huisha gogo. Mwishoni tajiri akaona moshi wa majiko yao unamharibia sura ya bustani dirishani kwake, akabomoa nyumba zote, akawahamishia watu nyuma ya kilima. Kanisa tu ndilo aliloogopa kuligusa.

Kitana kilinianguka.

"Waingereza?" nikamwuliza. "Walinyang'anywa na Waingereza?"

"Na nani tena, mpenzi wangu?"

Wanangu, nilikaa chini. Kwetu Mwingereza nilimjua kama mtu wa kuja na kamba kupima mashamba ya wengine. Sikujua kwamba alianzia nyumbani kwao, kwa ndugu zake.

Lakini hilo silo lililoninyima usingizi. Mama Edith alisema, alipokuwa msichana, nyanya yake alimshika mkono wakaenda kuweka maua kwenye makaburi ya wazee wao pale kanisani. Mlinzi wa lango la malisho ya tajiri akawarudisha. Siku hiyo bwana wa jumba lile alikuwa na wageni wanaowinda ndege. "Tulirudi na maua yetu," akasema. "Tukayatia kwenye jagi mezani, tukala chakula tukiyatazama."

Hapo nikamweleza habari ya Amosi na shamba. Hakunishauri kitu. Alinitazama tu kwenye kioo, nywele zimesimama upande mmoja, akaniuliza: "Ufunguo wa lango utakuwa na nani?"

Jumapili tulikutana nyumbani kwa Rhoda, Lanham. Ugali uko mezani. Amosi akaanza, "Haya Mama, tupe baraka zako." Nikawauliza swali lile lile. Tukitaka kupalilia kaburi la baba yenu, tutabisha hodi kwa nani?

Amosi akatabasamu. "Mama, hilo si shida. Baba tutamhamisha. Siku hizi watu wanafanya."

Rhoda alifunika mdomo kwa mkono. Mimi nilimtazama kijana niliyemzaa kana kwamba ni mgeni aliyekosea mlango.

"Umhamishie wapi?" nikamwuliza. "Umweke Germantown, kwenye gereji, karibu na mashine ya kukata majani?"

"Mama, usiseme hivyo..."

"Wewe ndiye umesema. Nimerudia tu ili masikio yako yasikie."

Akainamisha kichwa. Kisha akafuta macho kwa kiganja, mwanamume mzima.

Sikilizeni basi, ninyi mnaosoma. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kile kijiji cha Waingereza hakikufa siku kilipobomolewa. Kilikufa siku mtu wa kwanza alipouza kipande chake na jirani akasema, "Hayo ni yake." Nyumba jengeni, hata za ghorofa. Pangeni, bananeni, fanyeni kazi mbili. Lakini msinunue paa la watoto kwa kitanda cha wazazi waliolala. Mungu awape nyumba huku, na awaachie lango lililo wazi kule, na watoto wenu wasirudi na maua yao mkononi.

Na Jumapili ile niliwaambia watu wa nyumba yangu hivi: "Amosi, chukua simu, mwambie huyo mtu shamba la baba yako haliuzwi. Mwambie ukiwa umesimama hapa, nikusikie. Rhoda, tafuta tikiti za Desemba. Mtaenda nyote pamoja na wajukuu, na kila mmoja atashika jembe kwenye kaburi lile. Sasa naweni mikono, ugali unapoa."