Chambo cha Orval Kinachokwenda Upande

Shemeji yangu Verlene hakuruhusu mtu aguse vyambo vya marehemu, vile visamaki vya mti vya kuvulia. Tangu kaka yangu Orval afariki, kila mvua za baridi zikianza anavitoa sandukuni, anaviosha kwa sabuni ya ndimu harufu ya mkono itoke, ananoa ndoana kwa tupa mpaka zinakwama kwenye ukucha. Halafu anavirudisha. Mtoni haendi. Nilimwona kama mtu anayepiga pasi shati la msafiri asiyerudi, nikamwacha afanye, maana hata mimi nilikuwa namkumbuka.

Mwaka huu akanipigia simu. Binti yake anamhamishia Arizona, jangwani, huko mto ni mchanga mtupu, na gari linakuja Jumamosi. "Shemeji, kabla sijaondoka nataka nikione kile cha Orval kikifanya kazi pale kwenye gogo. Mara moja tu."

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo wako huuma kila ikitajwa kazi. Lete mashua."

Kile cha Orval alikichonga mwenyewe kwa mti wa mwerezi, rangi yote imeliwa na meno ya samaki. Sisi wengine wa mto Hoh, chambo kikivuta upande tunashika koleo, tunakunja kidogo kipete cha puani, pale unapofungwa uzi, mpaka kiende sawa. Orval chake alikipinda makusudi, kiende kushoto, kiingie chini ya gogo wanakopumzika stilhedi, wale samaki wakubwa wanaopanda mto kutoka baharini, na mashua haifiki. Tulimcheka weee! Halafu akaanza kuwatoa samaki, tukaacha kucheka.

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya kwenda mtoni, akaja jirani yetu Dewitt kutusaidia kupakia. Dewitt ana roho nzuri, ila akili yake huenda likizo. Verlene aliingia ndani kuchukua koti, na alipotoka akamkuta kafungua sanduku, koleo mkononi, anatabasamu.

"Mama, kimoja kilikuwa kimepinda vibaya! Nimekunyooshea. Sasa kitakwenda kama mshale."

Verlene akakitazama. "Ee Mungu wangu. Dewitt, huo mpindo ulikuwa kazi ya mkono wa Orval! Mjinga wewe, ndicho kitu pekee kilichobaki vile vile alivyokiacha!"

Dewitt akataka kulia. Nikamwambia, "Panda mashua, bwana, na ufunge mdomo."

Tulipofika mtoni, juu kidogo ya gogo, nikapiga makasia kinyume na maji ili mashua ishuke polepole, chambo kikitangulia mbele yetu. Verlene alikunja kipete kidogo, akakishusha, akaitazama ncha ya fimbo ya kuvulia. Akatikisa kichwa, akakivuta, akakunja tena. Akarudia, akarudia. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto.

"Unatafuta nini hasa, shemeji?"

"Fimbo ya Orval ilikuwa inaitikia kwa kichwa. Mbili za haraka, halafu inapumzika. Maisha yangu yote ya ndoa nimekaa hapa kwenye baridi naitazama, huku namlaani."

Akakishusha tena. Ncha ikaitikia mbili, ikapumzika. Mbili, ikapumzika. Chambo kikajisogeza kushoto, kikaingia chini ya gogo. Verlene akaweka mkono mdomoni.

"Ndicho?" Dewitt akanong'ona.

"Nyamaza."

Ghafla fimbo ikalala mpaka majini. "Stilhedi! Jamani, stilhedi!" Dewitt anapiga kelele, mashua inayumba. Verlene alipigana naye kama zamani, akamleta ubavuni, dume kubwa la kung'aa, la porini, si la kufugwa, na wa porini kisheria hurudishwa majini. Tukamwachia. Nilipogeuka, shemeji alikuwa analia.

"Sasa unalia nini? Si umempata!"

"Nani alitaka samaki? Nilikuwa bado namtazama Orval."

Akainua chambo. Yule dume alikuwa amekivuta kipete mpaka kimenyooka. Na sisi maji yalishatupitisha kwenye mkondo mkali, na hapo hakuna mtu aliyewahi kupandisha mashua kurudi juu, hata Orval mwenyewe; na gari lilikuwa linakuja kesho yake.

Dewitt akakohoa. "Mama, utakikunja tena huko kwa binti yako. Mkono wako umeshajua."

Verlene alikikausha kwa leso, akapitisha tupa kwenye ndoana, polepole, kama kila mwaka.

"Kukunja nitakunja," akasema. "Lakini bila mto, nitajuaje kama ndiye?"