Mkwe Haoshwi Viatu

Watu wa Tetu walimwita Mutahi Karai, na wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka mingi alilinda bwawa la kuvulia samaki aina ya trauti kule juu, msitu unapoanzia, na langoni aliweka karai kubwa la bati lililojaa maji ya jiki, dawa ya kuua vijidudu. Ukija na fimbo yako ya kuvulia, uwe nani uwe nani, ulisimama ndani ya karai na gambuti zako mpaka Mutahi aridhike. Wavu wako nao ulitumbukizwa humo. Mashua iliyoletwa juu ya gari ilisuguliwa tumbo kwa brashi na kuachwa juani hadi ikauke, na mwenyewe akitaka kununa, anune.

"Tope ya mto ingine ibaki huko kwao," alikuwa akiwaambia. "Samaki haina daktari."

Alikuwa mkorofi, tusidanganyane. Wazungu waliofunga safari kutoka ng'ambo aliwalowesha. Askofu aliyekuja kupumzika alimlowesha kwanza, ndipo akamwomba baraka. Tena hakuna aliyepanda mashua bila jaketi la kuokolea, hata mtu awe anaogelea kuliko bata. Maji ya mlimani yana baridi ya kukata pumzi, na jeuri ya mtu huishia pale anapotumbukia.

Ukali wote ule ulikuwa kwa ajili ya vifaranga. Nyuma ya lango palikuwa na vidimbwi alivyozalishia samaki wachanga wa kutia bwawani, vikinywa maji ya bwawa lilo hilo. Mwenye bwawa alikaa Nairobi na alionekana kama mvua ya kiangazi. Kwa karatasi samaki walikuwa wake, lakini kwa kila kitu kingine walikuwa wa Mutahi. Aliwajua wakiwa wazima na alijua wanavyokufa, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea mtoto na kumpa jina, hata kama jina lenyewe lilikuwa Karai.

Kisha binti yake Tabby akapata mchumba.

Kijana alitoka upande wa Meru, na baba yake, mzee Kaburu, naye alifuga trauti huko kwao. Siku ya wakwe kuja ilipopangwa, Kaburu alituma neno kwamba baada ya chakula angependa kutupa ndoana kidogo. Mutahi alifurahi, halafu akaingiwa na hofu. Alikuwa amesikia fununu kwamba samaki wa upande ule walikuwa wakizunguka majini kama mbwa anayefukuza mkia wake, na mwisho wanakufa. Asubuhi ya siku hiyo, kabla hajavaa hata shati la wageni, alijaza karai pale langoni.

Kaka yake mkubwa Wambugu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa ukoo siku hiyo, alifika mapema kukagua boma, lililokuwa hatua chache tu kutoka bwawani. Aliliona karai, akasimama.

"Hii ni ya nani?"

"Ya kila mtu."

"Wewe Mutahi, ati utaambia mzee wa watu atie miguu hapa? Kwani yeye ni ng'ombe anapelekwa dipu?"

"Samaki yao ni mgonjwa, kaka."

"Na sisi tumwambie hivyo leo? Tumwambie kwake ni kuchafu, halafu tumwambie karibu msichana?"

Kaka yake alikuwa akisema kweli. Mkwe haulizwi kama ana njaa, hupakuliwa. Mkwe haambiwi miguu yake ina matope. Ukimwambia hivyo umetukana nyumba yake yote, na nyumba yenyewe ikiwa ng'ambo ya mlima, tusi hilo litasimuliwa hadi kwa wajukuu. Wambugu alimwaga maji kwa mkono wake mwenyewe, akalibeba karai hadi jikoni, na wanawake wakalisuuza wakaoshea viazi.

Wakwe walifika, wakala, wakasema yaliyowaleta. Ndipo Kaburu akaenda garini, akavua viatu vyake vizuri na kuvaa gambuti. Mutahi aliona tope lililokauka kwenye nyayo zake. Kaburu alitembea polepole mpaka langoni. Hapo akasimama kidogo, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akamtazama Mutahi usoni. Mutahi aligeuka akatazama mlima. Mzee akapita, akaingia majini hadi magotini kusaidia kuisukuma mashua.

Kwenye majaketi hakuna aliyebishana. Wambugu mwenyewe ndiye aliyemfungia mgeni kamba, maana kumvika mtu ni kumheshimu. Na heri alimvika, kwa kuwa Kaburu alisimama mashuani ili arushe ndoana kama kijana, mashua ikayumba, akatumbukia mzimamzima. Jaketi likamrudisha juu akikohoa na kucheka. Walimvuta, wakampa blanketi na uji wa moto, na kisa hicho kilichekesha watu hadi siku ya harusi. Wote walirudi kwao salama. Husemwa, mgeni njoo mwenyeji apone, na walionena hivyo hawakuwa na samaki.

Miezi ikapita. Vifaranga walianza kuwa na mikia myeusi, kisha migongo ikapinda, kisha wakaanza kuzunguka. Mutahi alikaa ukingoni akiwatazama, akalia kama aliyefiwa, na hakumficha mtu machozi. Mtaalamu alikuja, akapasua vichwa vyao, akatikisa chake. Bwawa likafungwa, maji yakatolewa, vidimbwi vikamwagiwa chokaa. Mwenye bwawa akapiga simu na kuuliza swali moja tu: aliyepita bila kuoshwa ni nani?

Mutahi angemtaja nani? Baba mkwe wa binti yake?

"Nilizembea," alisema.

Yeye aliyemlowesha askofu! Akafukuzwa kama mlevi. Siku hizi analinda duka la vifaa vya ujenzi huko mtaani Skuta, na watu wa Tetu wakipita humsalimu kwa kicheko: "Karai, siku hiyo karai ilienda wapi?" Wambugu naye husimama nao, akicheka kwa sauti kuliko wote. Heshima si utumwa, wahenga walisema. Mutahi husikia methali hiyo kanisani na kutamani kutoka nje.

Tabby alipojifungua, Kaburu alikuja Skuta kuleta habari mwenyewe, na ndizi, na picha ya mtoto kwenye simu. Mutahi alimkaribisha kitini, akammiminia chai. Walizungumza juu ya mtoto hadi maneno yakapungua. Ndipo mzee akashusha sauti.

"Nilisikia samaki yenu iliisha. Pole sana. Yangu iliisha mbele ya yenu. Unajua ile siku, hizo gambuti nilikuja nazo hivyo nikijua ziko na tope ya huko kwangu. Ningeziosha kwangu, lakini maji yangu ndiyo ilikuwa mbaya. Nikasema, si kwa Mutahi kuna karai? Sifa yako ilikuwa imefika hadi kwetu. Nikasimama hapo kwa geti nikingoja uniambie."

Mzee akapiga funda la chai.

"Sikuona karai. Sasa mimi nimekuja kuomba msichana, nianze kuuliza maji ya dawa? Ingekuwa ni kama nawaambia nyinyi ni wachafu. Nikakuangalia, nikaona umegeuka. Nikasema basi, labda huku hawajali."

Mutahi alitaka kumshika mzee yule mabega amtikise, amwambie kila kifaranga alivyokufa, amwambie neno moja tu lingetosha, lako au langu. Mdomo wake ukafunguka. Lakini aliyeketi mbele yake alikuwa babu wa mjukuu wake, mkwe, mgeni nyumbani mwake, na kikombe chake kilikuwa kimefika nusu.

"Ongeza chai, mzee," alisema, akainua chupa.