Mafindofindo, na Maneno ya Mazishi Yangu

Nilikuwa nikiamini kwamba mafindofindo ni ugonjwa wa watoto. Mtoto hukatwa, hupewa kitu baridi alambe, hulala siku tatu, na siku ya nne utamkuta juu ya ukuta wa jirani. Mimi nilikatwa yangu nikiwa na miaka thelathini na tisa, na mvi mbili tatu kidevuni. Daktari pale Lodwar aliniambia mapema, kwa upole wa mtu anayejua hatasikilizwa, kwamba kwa mtu mzima maumivu huwa mengi. Nilimcheka. Koo hilo lilikuwa limenitesa miaka sita, kila mwezi homa, kila mwezi sindano, na nilichotaka ni litoke lile linalonisumbua nirudi kazini.

Kazi yangu ni ukalimani. Naketi katika zahanati moja ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kati ya mganga na mgonjwa, nageuza maneno: Kiturkana kiwe Kiswahili, Kiswahili kiwe Kiarabu cha Juba, kisha kurudi tena. Naongea kutwa nzima, na nikitoka kazini naongea bure. Dada yangu mkubwa anayeishi Lodwar husema nilizaliwa mdomo ukiwa wa kwanza kutoka.

Kwake ndiko nilikopumzika baada ya upasuaji, kwa sababu daktari alitaka niwe karibu na hospitali wiki mbili, damu isije ikanitoka nikiwa mbali. Alinikataza pia kuongea. Hata asingenikataza nisingeweza. Kumeza mate tu kulinitoa machozi, na maumivu yalipanda mpaka masikioni. Nilikaa kwenye baraza la mabati nikifyonza barafu kama mtoto, nikimwandikia dada mahitaji yangu kwenye daftari kuukuu la hesabu la binti yake.

Barafu tuliinunua kwa Msomali mwenye duka kwenye kona. Aliigandisha katika mifuko midogo ya nailoni. Siku ya pili nilijikokota mpaka dukani mwenyewe, nikafungua mdomo kumwonyesha, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wallahi, ndugu, funga! Hiyo mdomo nanuka kama ngozi ya ngamia imelala mvua. Chukua barafu, chukua mbili, enda."

Sasa niseme kosa langu. Mama sikumwambia. Mama aliishi Lopur, nje kidogo ya Kakuma, pamoja na mbuzi wake, na nilijua angesema nini: koo alilonizalia yeye halina haja ya kisu. Nikaona nitakatwa, nitapona, nitamwambia baadaye tucheke. Dada alinionya kwa methali ambayo kila mtu anaijua, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimjibu kwamba mimi sifi. Hapo nilikuwa bado na sauti ya kujibia.

Mama alikuwa na kabambe, simu ndogo ya tochi. Kila Jumapili baada ya kanisa alipanda mawe yaliyo nyuma ya boma, mahali pekee penye netiwaki, akanipigia, nami nilishika simu kabla haijalia mara ya pili. Jumapili hiyo, siku ya tatu baada ya kukatwa, aliyeshika ni dada.

"Yuko wapi mwenye simu?" mama akauliza.

"Yupo hapa kwangu, mama. Alikuwa hospitali kidogo, lakini yuko sawa. Hawezi kuongea kwa sasa."

Nilimwona dada akiuma midomo hata kabla hajamaliza, ila neno likishatoka halirudi. Kwetu habari ya kifo haitolewi kwa simu. Anayepiga hukuambia mgonjwa yuko sawa, amepumzika, hawezi kuongea kwa sasa. Ukisikia hivyo unajua, na unaanza kufunga mzigo.

Tulisikia upepo wa Lopur ndani ya simu.

"Nije?" akauliza.

"Ukitaka kuja njoo, mama. Lakini usiwe na haraka."

Nilimrushia dada daftari. Usiwe na haraka! Hakuna neno baya kuliko hilo. Mtu anayeumwa hukimbiliwa, na asiyekimbiliwa ni yule ambaye haendi tena popote. Mama akakata simu.

Jumatatu tulimpigia tangu asubuhi, hadi alipopanda tena mawe yake akapokea. Nilijikaza nikanong'ona, "Mama, ni mimi." Koo lilikuwa limevimba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee mwenye tonge la ugali moto mdomoni. Mama alisikiliza, kisha akasema na dada kwa utulivu ulionitisha.

"Mwambie huyo mtu aache kumwigiza mwanangu. Mimi si mtoto wa kudanganywa."

Baada ya hapo simu yake haikupatikana. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Mama alikuwa mtu wa miaka sabini na ushee, mwenye shinikizo la damu, na alikuwa peke yake kule na kifo changu. Niliandika kwenye daftari kwa herufi kubwa: NAENDA. Dada akaandika chini yake, kana kwamba na yeye ni bubu: UKITOKA DAMU NJIANI ATAKUZIKA KWELI.

Jumatano asubuhi, siku ambayo vigaga vilianza kubanduka kooni na maumivu yakazidi ya siku ya kwanza, lori lililotoka Kakuma lilisimama barabarani. Mama akashushwa. Alikuwa na fimbo yake, na kwapani amekumbatia blanketi jipya lenye karatasi ya dukani, amelinunua kwa mama mmoja wa Sudan Kusini sokoni Kakuma. Shingo yake ilikuwa tupu.

Mimi sikuwahi kuiona shingo ya mama. Tangu nizaliwe ilifunikwa na shanga, safu juu ya safu, mpaka chini ya kidevu, na hakuzivua wala kwa kuoga wala kwa kulala. Mwanamke wa kwetu huzivua akifiwa. Pale zilipokuwa, ngozi ilikuwa laini na nyeupe kidogo, kama ya mtu mwingine, mdogo sana. Niliona aibu kuitazama.

Alisimama getini akanikuta barazani, mfuko wa barafu mdomoni. Hakupiga kelele. Alikuja polepole, akanishika sikio, akalivuta, akainamisha uso wake hadi kinywani mwangu akanusa.

"Unanuka maiti," akasema. "Lakini uko hai."

Kisha akaketi chini, mavumbini, akalia. Mimi pia nililia, na nawaambia, kulia na koo lililokatwa ni kama kumeza kaa la moto. Sikujali. Nilimpenda mama yangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na sikuwa na namna ya kumwambia.

Blanketi lile lilikuwa la kunifunikia kwenye jeneza. Alilitandika kitandani kwangu siku hiyohiyo, akisema kitu kipya hakirudishwi dukani.

Asubuhi iliyofuata aliketi mbele yangu na chai yake. Mazungumzo yetu, bila shaka, ni ya Kiturkana, nami nayageuza hapa kama nilivyozoea.

"Nina maneno," akasema. "Siku hizi kanisani kwetu mama wa marehemu husimama akasema. Niliyapanga siku mbili kule nyumbani, nikayapanga tena ndani ya lori. Siwezi kurudi nayo Lopur. Yataniozea tumboni. Kwa hiyo utayasikia wewe mwenyewe, na kwa bahati nzuri huwezi kunikatiza."

Dada alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Mimi nilidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Kila asubuhi, kabla jua halijayachoma mabati, mama aliniambia kipande kimoja cha mazishi yangu.

Alianza na kuzaliwa kwangu. Alikuwa amekwenda kuchota maji kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga, katika mwaka wa ukame. Alikuwa ndani ya shimo, kata mkononi, uchungu ulipomshika. Alisema alimaliza kujaza mtungi kwanza, maana shimo lilikuwa na zamu na nyuma yake wanawake walikuwa wakingoja.

Siku ya pili ilikuwa ya shule. Maisha yangu yote nimejua kwamba kati ya ndugu zangu ni mimi niliyepelekwa shule kwa sababu nilikuwa na akili. Nimelisema hilo mbele za watu, nimelisema hata kwenye usaili wa kazi. Mama alipuliza chai yake akasema:

"Mbuzi walikukataa. Ulikuwa unawasemesha mno, wakatawanyika. Baba yako akasema mtoto huyu atatumaliza, mpelekeni kwa walimu."

Nilinyakua daftari niandike la kujitetea. Akaliweka chini ya makalio yake akaendelea.

Hakunisifu tu. Alisema nilipopata mshahara wa kwanza nilijinunulia redio, na yeye alilala na baridi msimu ule wa upepo. Alisema mbuzi watatu niliowapoteza nikiwa na miaka minane hawakuliwa na fisi. Niliwasahau nikicheza, na yeye ndiye aliyemwambia baba kwamba alikuwa amenituma mahali. Nilikuwa nimeamini fisi yule kwa miaka thelathini. Ningeweza kukuchorea hata meno yake.

Lakini kilichonivunja ni maziwa. Nilipopelekwa bweni Lodwar, siku zile lori lilichukua kutwa nzima kutoka Kakuma kwenye njia ya mashimo, si lami hii ya leo, yeye alibaki nyumbani na jioni ilipofika akakamua, akaniwekea kibuyu changu mahali pake. Mkono ulifanya wenyewe, alisema. Asubuhi alimpa mbwa. Jioni akaniwekea tena. Muhula mzima.

Nami nikakumbuka likizo ya kwanza. Nilishuka Kakuma nikatembea mpaka nyumbani, nikanusa moshi na kinyesi cha mbuzi, nikasikia kengele zao zikirudi, na mbwa wetu, aliyekuwa mbavu tupu, akanijia mbio mnene akitikisika. Niliwauliza wote kwa nini mbwa amenenepa. Hakuna aliyenijibu. Natamani hata leo kurudi jioni ile, nisimame pale na sanduku langu la bati, nimwangalie mama usoni badala ya kumwangalia mbwa.

Wiki mbili zilipotimia, Alhamisi, nilikwenda peke yangu kwa daktari. Akanimulika kooni, akaridhika, akasema, "Sema kitu." Nikasema. Sauti ilitoka safi, nyembamba kidogo kuliko ya zamani, lakini yangu. Njiani nilimsalimu Msomali wangu kwa sentensi tatu nzima, akanipa mkono kunipongeza. Kisha nikaingia nyumbani kwa dada nikiwa bubu vilevile.

Najua ilikuwa hila. Lakini mama alikuwa amefika kwenye miaka ya kifo cha baba, na nilijua nikisema neno moja atafunga mzigo arudi kwa mbuzi wake, na sitayasikia yaliyobaki. Siku tatu nzima nilitikisa kichwa na kuonyesha kwa vidole. Jumapili akamaliza. Neno la mwisho lilikuwa la kawaida tu, kwamba nilikuwa mtoto mwenye kelele na nyumba bila mimi ilikuwa kubwa mno. Akanywa chai iliyobaki, akakigeuza kikombe.

"Ulipona tangu Alhamisi," akasema. "Yule wa barafu aliniambia. 'Kijana yako sasa naongea mzuri.'"

"Mbona hukusema?" nikamuuliza, na hayo yakawa maneno yangu ya kwanza kwake.

"Sikuwa nimemaliza. Sasa sema wewe."

Na mimi, mkalimani, mwenye lugha nne, niliyewahi kuwasemea mamia ya watu mambo yao ya siri, sikupata la kusema. Nilisema "Ejok, mama," salamu tu, kama mtu aliyekutana naye njiani. Alicheka, akafunga mzigo wake, akaondoka na lori la kwanza. Nilipokwenda Lopur mwezi uliofuata shanga zilikuwa zimerudi, safu juu ya safu, na shingo ile sikuiona tena.

Lakini tangu siku hiyo nilijifunza. Kila nilipokwenda nilimpelekea kipande kimoja cha mazishi yake. Nilianza vibaya, kwa maneno makubwa ya kanisani, akaniambia hayo ni ya mke wa chifu. Nikarudi kwenye vitu nilivyoviona: namna alivyopima chumvi kwa ulimi, nyimbo alizowaimbia mbuzi wagonjwa. Alinisahihisha bila huruma. Mbuzi yule hakuwa mweusi, alikuwa wa madoa. Siku ile hakulia, vumbi lilimwingia jichoni. Nilimwambia siku moja habari ya mbwa mnene, na kwamba nilikuwa mjinga. Akasema hiyo niiache kama ilivyo.

Tuliendelea hivyo miaka minne, mpaka alipotutoka, msimu wa mvua, usingizini. Siku ya kumzika watu walijaa, na mchungaji akasema mtoto wake mkalimani asimame amwelezee mama yake, wote wakageuka kunitazama kwa hamu, maana wananijua. Nilisimama. Nilitafuta neno lolote ambalo sikuwa nimemwambia. Nikawaambia, "Ameshayasikia yote," nikakaa.