Somo Yangu na Uzazi wa Sifongo

Miaka ya tisini, nilipokuwa nimetoka tu chuo kikuu na kichwa kimevimba kwa elimu, nilipata nafasi kwenye meli ya utafiti iliyotia nanga Kilindini. Kazi ilikuwa kuchunguza namna sifongo wa bahari kuu wanavyozaana. Nilichokosa ni ruhusa ya baba.

Baba alikuwa na duka la leso Biashara Street, na wala hakuwa mtu mgumu. Aliniuliza tu, tukila chakula cha mchana, nakwenda kutafuta nini huko.

"Sifongo, baba."

"Sifongo? Si zimejaa duka la jirani, za kila rangi?"

Nikamwambia hawa ni wanyama, wako hai. Akauliza wana nini cha kutazamwa. Hapo ulimi ukagoma. Kwetu Mji wa Kale binti hamtajii babake mbegu za kiume, hata ziwe za mnyama asiye na kichwa wala miguu. Nikababaika, nikanywa maji, nikababaika tena. Baba akaona nina jambo ninaloficha, akasema siendi. Nililia kwa hasira mpaka nikashikwa na kwikwi.

Mambo haya kwetu yana mwenyewe. Msichana akivunja ungo hupewa somo, mwanamke mtu mzima wa kumfunza habari za mwili wake na, siku ikifika, za ndoa yake. Somo yangu alikaa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amewafunda maharusi wengi wa mtaa, na mbele yake hakuna neno la aibu. Nikamwendea na macho yangu mekundu, nikamweleza yaliyonikuta kwa baba.

"Haya, nambia," alisema, akinimiminia kahawa. "Huyo sifongo yuwazaa vipi? Kwanza, ni mume au ni mke?"

"Wengine ni vyote viwili, somo. Mara mume, mara mke."

"Makubwa!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Nikamweleza kwamba sifongo amegandama chini, hatembei, na hula kwa kufyonza maji kupitia vitundu vilivyomjaa mwilini. Wa kiume huachia mbegu majini. Mwenziwe aliye mbali huzifyonza pamoja na chakula chake, lakini badala ya kuzila, huzipeleka kwenye yai. Mtoto huogelea kidogo tu, kisha hugandama na yeye, basi.

"Huko chini mwezi waonekana?"

"Hauonekani. Ni giza tupu."

"Sasa wao hujuaje kuwa wakati umefika?"

"Ndilo tunalotaka kujua."

Akatikisa kichwa kwa heshima. Hiyo, alisema, ni kazi ya maana.

"Na asiyezaa je?"

"Wapo tele!" nilijibu, nimepandwa na furaha ya kujua. "Wengi wakipasuliwa hawakutwi na yai hata moja."

Ndipo nilipokumbuka ninazungumza na nani. Somo yangu alikuwa amezika waume wawili na hakujaaliwa mtoto. Nilitamani ardhi inimeze. Yeye aliniongezea kahawa, akaniuliza kama nataka sukari.

Jioni hiyo hiyo alivaa buibui lake akaenda kwa baba. Walifunga mlango. Alimwambia nini, sijui mpaka leo, lakini baba alitoka uso umemwiva, hanitazami machoni, akasema niende na Mungu, tena nikirudi nisimsimulie lolote. Nilimrukia somo shingoni nikambusu mashavu yote mawili. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda pale.

Asubuhi ya safari nilipita kumuaga. Aliushika mkono wangu, hakuuachia upesi.

"Mwanangu, wale mtakaowapasua msiwaone na mayai, msiwaite tasa. Huko waliko hakuna aliyewahi kuwaita hivyo. Msiwe nyinyi wa kwanza."