Nilimwelekeza Ndugu Yangu Mlango wa Al Mansoura

Admin, nifiche kabisa tafadhali, maana nusu ya kikundi chetu cha maombi hapa Doha wanasoma ukurasa huu na midomo yao naijua. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, Mkenya kutoka Bungoma, na kazi yangu ni kulea watoto wa familia moja ya Kijapani. Mchana niko kwao, jioni narudi Al Mansoura kwenye chumba ninachokaa na dada mmoja Mganda anayefanya kazi hotelini. Sijawahi kuwa mtu wa kuamini mambo ya mizuka. Wanaonijua wanajua mimi ndiye huwacheka wengine.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, nimwite Wafula ingawa si jina lake. Alikuwa mpishi kwenye meli ya mizigo. Mwaka juzi aliniambia meli yao itatia nanga huku, kwa hiyo atapita kunisalimia. Nikamwelekeza jengo na ghorofa, nikamwambia mlango wetu ni ule wa kijani. Nikapika chapati na maharagwe, nikangoja. Hakuja. Baadaye mama akapigiwa simu kwamba alianguka baharini na hawakumpata. Zile chapati nilizimwaga kwa mkono wangu, na mpaka leo sijapika zingine.

Mwaka huu mabosi wangu walienda kwao Japani likizo, nikaenda nao kwa ajili ya watoto. Siku moja tulitembelea hekalu la dini yao ya Shinto. Liko ufuoni kabisa, na lango lake kubwa jekundu limesimama ndani ya maji. Mimi ni Mkristo, nilitaka kubaki nje na mtoto mdogo. Lakini nyanya ya watoto, mama mpole sana, alinishika mkono akanionyesha. Unanawa, unainama mara mbili, unapiga makofi mawili, halafu kimoyomoyo unataja jina lako na mahali unapoishi. Madam, mama wa watoto, alinitafsiria kwamba usipojitambulisha hivyo, mungu wa pale hatajua akutafute wapi.

Nilikuwa nafanya kwa heshima tu. Kisha nyanya akapiga makofi yake na moyo ukanilipuka. Wafula hakuwa anabisha hodi kama watu. Alikuwa anaupiga mlango kwa kiganja, pa, pa, tangu utotoni, mpaka baba akambandika jina la askari. Makofi ya nyanya yalikuwa sauti ile ile, na bahari ilikuwa pale mbele yangu.

Basi sikutaja jina langu, nilitaja lake. Nikasema kimoyomoyo kwa Kibukusu kwamba ni mwana wa fulani, anakaa Doha, Al Mansoura, mlango wa kijani. Nikaomba aletwe.

Tangu turudi, kila Ijumaa, ambayo huku ndiyo siku ya mapumziko na ibada, mchana nikitoka kanisani nakuta maji mlangoni kwetu. Si mengi, ni kama mtu alisimama hapo akichuruzika. Mwenzangu aliniambia ni ya AC, na kwamba sisi Wakenya tunapenda drama. Tulicheka. Alipoingia kuoga niliinama nikachovya kidole, nikaonja. Maji ya AC hayana chumvi, jamani. Yale yalikuwa ya chumvi.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa peke yangu ndani, napiga nguo pasi, nikasikia pa, pa. Nilifungua. Hakukuwa na mtu, maji tu. Nikakaa sakafuni nikalia. Halafu, mniwie radhi wapendwa, nikasema, "Karibu."

Nilimdokezea kiongozi wetu wa maombi, akasema hilo ni pepo na atakuja kuupaka mlango mafuta. Nimekuwa nikimkwepa. Ukweli ni kwamba mwanzoni niliogopa, lakini sasa kinachonitisha ni Ijumaa ipite bila kusikia kitu.

Sasa shida ndiyo hii. Kwetu mtu akipotea majini na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba mahali pake. Mama amengoja mpaka amechoka, na kaburi linachimbwa Jumamosi hii. Kwa vile mimi ndiye niliyeongea na Wafula mwisho, wazee wanataka nipigiwe simu, iwekwe kando ya kaburi, nimwite kwa jina lake nimwambie arudi nyumbani alale. Nikaanza kutoa visingizio vya kazi. Mama akasema, "Mwanangu, mimi nataka tu mahali pa kung'olea magugu."

Hajui kwamba mwanawe ameshaelekezwa kwingine, na aliyemwelekeza ni mimi.

Kesho ni Ijumaa. Leo nimenunua unga na maharagwe, hata sijui nimenunua kwa nini. Nishaurini, ndugu zangu, lakini msinitukane. Nikimwita aende kwa mama, hatanigongea tena. Nisipomwita, mama atapalilia kaburi la mgomba mpaka afe, na mtoto wake amesimama mlangoni kwangu, amelowa. Nifanye nini?